Kani ya Mvutano Baina ya Sayari Mbili: Uhakiki wa Istilahi za Fizikia kwa Kipimo cha Hesabu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache za fizikia kwa njia iliyo rahisi lakini kali, yaani kwa kuzifanyisha kazi. Uhakiki wa istilahi mara nyingi huishia kwenye orodha. Mhakiki hulichukua neno, huitazama asili yake, hulipima kwa vigezo vya ufupi, uwazi na ulinganifu wa kimataifa, kisha hutoa hukumu yake. Njia hiyo ina manufaa, wala hatukusudii kuibeza. Hata hivyo, istilahi ya sayansi haiishi katika orodha. Inaishi katika sentensi, na sentensi ya fizikia aghalabu huishia katika hesabu. Kwa hiyo tunachukua swali moja linalofahamika kwa wanafunzi wa sekondari pande zote za dunia, la kukokotoa kani ya mvutano baina ya sayari mbili, na tunalijibu kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Neno litakalokwama njiani litakuwa limejishtaki lenyewe.

Hoja ya makala haya ni kwamba istilahi zetu za mvutano kwa jumla ni nzuri kuliko tunavyodhani, na baadhi yake ni bora kuliko zile za lugha tulizoziiga. Kasoro zake chache ni za aina ambayo haiwezi kuonekana mpaka mtu ashike chaki na kuhesabu. Na kwa kuwa chaki hiyo haijashikwa vya kutosha, kasoro zimedumu pamoja na uzuri usiotambuliwa.

2.0 Kwa nini Kakanda

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini hesabu ya sayari ipelekwe Kakanda, mji wa machimbo ya shaba na kobalti upande wa Likasi, huko Katanga. Sababu ni mbili.

Kwanza, Katanga ni nchi ya Kiswahili ambayo husahauliwa kila istilahi zinapoundwa. Kiswahili kilifika huko pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikasikika Bunkeya katika dola ya Msiri aliyeuawa mwaka 1891, kisha kikaenea kwa nguvu zaidi katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Johannes Fabian ameieleza historia hiyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Kwa miaka ipatayo ishirini na mitano, hadi 1997, mkoa mzima uliitwa Shaba, kwa neno la Kiswahili. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Walakini istilahi sanifu tulizonazo zimetoka hasa Dar es Salaam, na kazi iliyo maarufu zaidi ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990.

Pili, Kakanda ni mahali ambapo neno uzito lina bei. Mchimbaji mdogo hubeba gunia la mawe yenye madini hadi depo ya mnunuzi, gunia hupandishwa kwenye mizani, na chakula cha jioni hutegemea kile ambacho mizani imesema. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kuwa vitu huvutwa chini. Anachohitaji mtoto wake, anapofika sekondari, ni lugha itakayomwezesha kutoka kwenye mzani wa baba yake hadi kwenye sayari bila kuruka shimo lolote njiani.

Lugha hiyo hapewi, kwa kuwa sekondari ya Kongo hufundisha kwa Kifaransa. Lakini tusimwonee huruma peke yake. Mwanafunzi wa sekondari za serikali nchini Tanzania, kuliko na kamusi zote hizo, hujifunza kanuni ileile kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari; pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo mtoto wa Kakanda na mtoto wa Kariakoo wako katika hali moja: wote wawili huzungumza Kiswahili nje ya darasa na hukokotoa kani ya mvutano kwa lugha nyingine. Istilahi zetu ni sawa na nguo iliyoshonwa kwa ustadi, ikakunjwa sandukuni, na haijavaliwa hata siku moja ya kazi.

3.0 Hesabu yenyewe

Kanuni ya mvutano, aliyoitangaza Isaac Newton mwaka 1687, inaweza kuandikwa kwa Kiswahili hivi: kila kitu chenye tungamo huvutana na kila kitu kingine chenye tungamo, na kani ya mvutano huo ni sawia na zao la matungamo yao, na huwa katika uwiano wa kinyume na mraba wa umbali ulio baina ya vitovu vyao. Kwa alama:

F = G × m₁ × m₂ ÷ r²

Hapa F ni kani, m₁ na m₂ ni matungamo mawili, r ni umbali, na G ni namba isiyobadilika ya mvutano, yaani 6.674 × 10⁻¹¹ katika vizio vya mita, kilo na sekunde. Udogo wa namba hii ni jambo la kushangaza. Magunia mawili ya kilo 50, yakiwekwa umbali wa mita moja, huvutana kwa kani ya nyutoni 1.7 × 10⁻⁷ hivi, ambayo hailingani na zaidi ya uzito wa chembe ya vumbi. Ndiyo maana hakuna mchimbaji aliyewahi kuona gunia likisogelea gunia. Mwaka 1798 Henry Cavendish alilazimika kutumia matufe ya risasi na utulivu wa hali ya juu ili apime mvutano wa namna hiyo, naye akapata wiani wa Dunia. Waliokuja baadaye wakaipata G kutokana na kipimo chake.

Tuchukue sasa Dunia na Zuhura. Tungamo la Dunia ni kilo 5.97 × 10²⁴. La Zuhura ni kilo 4.87 × 10²⁴. Zinapokaribiana, umbali baina yao ni takriban kilomita milioni 40, yaani mita 4.0 × 10¹⁰.

Hatua ya kwanza: zao la matungamo ni 2.91 × 10⁴⁹. Hatua ya pili: likizidishwa kwa G tunapata 1.94 × 10³⁹. Hatua ya tatu: mraba wa umbali ni 1.6 × 10²¹. Hatua ya nne: tunagawanya, na jibu ni nyutoni 1.2 × 10¹⁸.

Zuhura inapokuwa upande wa pili wa Jua, umbali hufikia mita 2.6 × 10¹¹ hivi, ambao ni mara sita na nusu ya ule wa kwanza. Kani hushuka hadi nyutoni 2.9 × 10¹⁶, yaani hupungua zaidi ya mara arobaini. Na tukitaka kujua kwa nini Dunia haiifuati Zuhura, tukumbuke kuwa Jua huivuta Dunia kwa kani ya nyutoni 3.5 × 10²², ambayo ni karibu mara elfu thelathini ya ile ya Zuhura hata inapokuwa karibu kabisa.

Hesabu imekwisha, na lugha haikuvunjika. Sasa turudi nyuma tuyahakiki maneno yaliyotufikisha.

4.0 Uhakiki wa istilahi

4.1 Nguvu na kani

Katika Kiswahili cha kila siku, Katanga na pwani vilevile, neno nguvu hubeba kila kitu: misuli, umeme, mamlaka, makali ya dawa. Wanaistilahi waliamua kulitenga neno kani kwa dhana ya kusukuma na kuvuta, na wakaliacha nguvu liwe kwa kiasi cha kazi inayofanyika katika muda fulani, kile kinachopimwa kwa wati. Wapo waliolalamika kuwa kani ni neno la zamani, lenye harufu ya ukaidi na ushindani, na kwamba watu wamezoea kusema nguvu ya mvutano.

Kwa maoni yetu uamuzi ulikuwa sahihi, na Katanga yenyewe inatoa ushahidi. Katika Mto Lufira, si mbali na Likasi, kuna stesheni ya umeme ya Mwadingusha, iliyojengwa zama za Union Minière. Maji yanaporomoka kwa sababu Dunia inayavuta: hiyo ni kani. Yanapoporomoka yakazungusha mashine, kani imefanya kazi. Uwezo wa kufanya kazi hiyo, uliokuwa umehifadhiwa katika maji yaliyo juu, ni nishati. Na wingi wa kazi kwa kila sekunde, ambao ndio unaohesabiwa kwa megawati, ni nguvu. Mwalimu asiye na neno kani atalazimika kusema kuwa nguvu ya Dunia huyapa maji nguvu ya kutoa nguvu ya umeme. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, ila haifundishi chochote. Ugeni wa neno kani ni gharama ndogo ukilinganisha na mkanganyiko huo.

4.2 Uzito na tungamo

Hapa ndipo mzani wa Kakanda unapoingia. Gunia la kilo 50 lina tungamo la kilo 50 popote litakapopelekwa. Uzito wake, yaani kani ambayo Dunia hulivuta kwayo, ni nyutoni 490 hivi. Gunia hilo likifikishwa Mwezini, tungamo halitapungua hata punje, lakini uzito utashuka hadi nyutoni 81. Hata hapa duniani, mizani ya springi iliyorekebishwa pwani ikipandishwa kwenye nyanda za Likasi, zilizo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita elfu moja, itaonyesha upungufu wa gramu chache, hazifiki 25, kwa gunia zima. Mizani ya mikono miwili haitaonyesha tofauti yoyote, kwa sababu inalinganisha tungamo na tungamo. Mchimbaji anayedai kuwa mizani imemdhulumu kilo nzima hawezi basi kujibiwa kwa kisingizio cha mwinuko wa nchi. Fizikia iko upande wake, mradi awe na maneno mawili ya kutenganisha mambo mawili.

Kiswahili cha Katanga husema buzito, kwa kiambishi bu- cha ngeli ambayo Kiswahili sanifu hutumia u-. Neno ni lilelile, na hujumuisha dhana zote mbili kama ilivyo katika lugha nyingi za watu. Hivyo neno la pili lazima lipatikane. Istilahi tungamo imetokana na kutungama, jinsi damu au maziwa yanavyogandamana. Taswira hiyo inavutia: tungamo ni kile kilichogandamana kikawa kitu. Lakini ina hatari ambayo wahakiki wa orodha hawawezi kuiona. Mwanafunzi anayelisikia neno kwa sikio la Mswahili ataamini kuwa kitu kisichotungama hakina tungamo. Kwamba jiwe linalo, maji yana kidogo, na hewa haina kabisa. Mpelekee basi sayari ya Mshtarii, ambayo sehemu yake kubwa ni haidrojeni na heliamu. Haikutungama kama jiwe, na hata hivyo tungamo lake ni kilo 1.9 × 10²⁷, zaidi ya mara mia tatu ya Dunia. Sayari yenye tungamo kubwa kuliko zote ndiyo isiyotungama!

Je, tulitupe neno tungamo na kuchukua masi, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia? Masi lina faida moja ya wazi kwa Katanga, kwamba linafanana na neno la Kifaransa ambalo mwanafunzi atakutana nalo darasani. Lakini halimwambii kitu mtu asiyejua Kifaransa wala Kiingereza. Ushauri wetu ni kulihifadhi tungamo, na kila kamusi na kila kitabu kiweke mfano wa gesi mara baada ya fasili. Fasili peke yake haiwezi kulishinda sikio, mfano unaweza.

4.3 Mvutano na graviti

Hili ndilo neno ambalo makala haya yanataka kulitetea kwa nguvu zote. Katika maandishi ya Kiswahili mvutano na graviti hutumika sambamba, na wapo wanaoona kuwa graviti ni la kisayansi zaidi kwa sababu linasikika kigeni. Tuangalie yanasema nini. Graviti limetoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni uzito. Kifaransa cha shuleni nacho kina neno pesanteur, ambalo pia limejengwa juu ya uzito. Maneno hayo yanatazama upande mmoja tu: kitu ni kizito, kinaanguka. Dunia iko kimya, na kitu ndicho chenye sifa.

Mvutano limejengwa kwa kitenzi vuta na kiambishi cha kutendana, -an-. Haiwezekani kuvutana peke yako. Mtoto wa Kiswahili aliyecheza kuvuta kamba anajua kuwa kamba ina ncha mbili, na kwamba anayevuta huvutwa. Hiyo ndiyo sehemu ya kanuni ya Newton ambayo wanafunzi wengi hushindwa kuikubali, kwamba Zuhura huivuta Dunia kwa kani ileile, bila kuzidi wala kupungua, ambayo Dunia huivuta Zuhura. Rejea hesabu yetu: jibu lilikuwa moja tu, nyutoni 1.2 × 10¹⁸. Hatukuulizwa ni kani ya nani. Kinachotofautiana ni mchapuko, yaani kiasi cha mabadiliko ya mwendo kwa kila sekunde. Tukigawanya kani hiyo kwa tungamo la kila sayari, Dunia hupata mchapuko wa 2.0 × 10⁻⁷ na Zuhura 2.5 × 10⁻⁷, kwa mita kwa sekunde ya mraba. Mwepesi husogea zaidi, lakini wote wawili wamevutwa sawasawa.

Kwa hiyo mofolojia ya Kiswahili imeitangulia fasili. Mwalimu wa Kifaransa au Kiingereza analazimika kuongeza sentensi nzima ili kueleza kutendana huko. Mwalimu wa Kiswahili anatakiwa tu kuwaambia wanafunzi walisikilize neno. Kulibadili mvutano kwa graviti ni kuuza shamba lenye rutuba ili kununua picha ya shamba.

Itapingwa kuwa mvutano hutumika pia kwa migogoro ya kisiasa, na kwamba maana hiyo inaweza kuingilia. Hatuoni hatari hiyo. Mvutano wa vyama viwili nao una ncha mbili. Taswira ni ileile, na inaimarisha dhana badala ya kuipotosha. Hali ya neno kazi ni tofauti. Huko Katanga kazi ni ajira ya mshahara, na Fabian aliliandikia neno hilo makala nzima mwaka 1973. Mwanafunzi atakayeambiwa kuwa mtu aliyeusukuma ukuta kutwa nzima bila kuusogeza hakufanya kazi yoyote ana haki ya kushangaa. Hapo maana ya kawaida na maana ya fizikia zinapingana. Katika mvutano zinasaidiana.

4.4 Kipeo na kipeuo

Kasoro kubwa kuliko zote tuliyoikuta haimo katika fizikia bali katika hisabati inayoibeba. Vitabu vya hisabati hutumia kipeo cha pili kwa namba iliyozidishwa kwa yenyewe, na kipeuo cha pili kwa namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hurudisha ile ya kwanza. Dhana mbili zilizo kinyume zimetenganishwa na irabu moja. Katika orodha iliyochapwa, jozi hii inapendeza macho. Darasani, penye wanafunzi wengi na sauti ya mashine nje, irabu hiyo haisikiki.

Tupime gharama yake. Umbali wa Zuhura ni mita 4.0 × 10¹⁰. Mraba wake ni 1.6 × 10²¹. Kipeuo chake cha pili ni 2.0 × 10⁵. Mwanafunzi aliyesikia vibaya na kugawanya kwa namba ya pili atapata kani iliyozidi ukweli kwa mara 8 × 10¹⁵, na kila hatua nyingine ya kazi yake itakuwa sahihi. Istilahi inayoweza kusababisha kosa la ukubwa huo kwa sababu ya irabu moja haistahili kuitwa sanifu. Pendekezo letu ni kwamba neno mraba, ambalo kila fundi seremala analijua, lishike nafasi ya kipeo cha pili katika masomo ya sayansi, kama tulivyofanya hapo juu, na kipeuo libaki peke yake bila pacha wa kuchanganywa naye.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa kipimo cha hesabu hutoa hukumu ambazo kipimo cha orodha hakiwezi kuzitoa. Kani limefaulu. Mvutano limefaulu kwa daraja la juu kuliko maneno ya lugha zilizotutangulia katika sayansi. Tungamo limefaulu kwa sharti. Jozi ya kipeo na kipeuo imeanguka. Hukumu hizi zinaweza kupingwa, na tungefurahi zikipingwa, ila kwa hesabu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar. Kwa hiyo hakuna tena udhuru wa kuunda istilahi kana kwamba Kiswahili kinakomea kwenye Ziwa Tanganyika. Wazungumzaji wa Katanga hawaingii katika kazi hii kama wanafunzi wa usanifu tu. Wana machimbo, mizani, mabwawa ya umeme, na lugha ambayo imeyashughulikia mambo hayo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kila istilahi ya fizikia inayopendekezwa ipelekwe kwao ikiwa ndani ya swali lililokokotolewa hadi jibu, na waulizwe ni wapi walikwama.

Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Miti tunayo. Msomaji wa jarida hili anaalikwa kulirudia swali letu kwa Mshtarii na Zohali, kwa Kiswahili pekee na bila kuchungulia kitabu cha lugha nyingine, kisha atuletee neno la kwanza lililomkwamisha. Uhakiki unaofuata utaanzia hapo.